Mgongo Ni Mkuku: Historia ya Maumivu Tunayoambiwa Tuvumilie



Msimu wa harusi ukifika sisi mafundi tunakesha. Gauni la biharusi, mabuibui ya nakshi, sare za familia nzima. Na kilio kinachosikika kila chumba cha kushonea ni kimoja: "Mgongo jamani!" Wengi wetu tumekua tukiambiwa hilo ndilo fungu la mwanamke, avumilie tu. Lakini ukifuata historia utaona kwamba wataalamu waliujua ugonjwa huu zamani sana, na hawakusema tuvumilie.

Tabibu aliyeona chombo

Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, alikamilisha kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb mnamo 1025. Humo aliufananisha uti wa mgongo na ule mti unaolazwa kwanza chombo kinapoundwa, kisha mbao nyingine zikafungwa juu yake. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufafanuliwa: huo ni mkuku. Mataruma yote hukaa juu yake, na mkuku ukipinda, tanga jipya halisaidii kitu.

Ila mkuku wetu si gogo moja. Ni pingili: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha zile zilizoungana chini. Baina ya nyingi kuna visahani laini vinavyopokea uzito. Mola ameuumba ujongee. Ukiugandisha mkao mmoja kutwa nzima, utalalamika.

Washonaji wa Italia

Mwaka 1700, katika mji wa Modena, daktari Bernardino Ramazzini alitoa kitabu kizima cha maradhi yanayoletwa na kazi. Yeye ndiye aliyewahimiza madaktari wenzake wamuulize kila mgonjwa swali moja la ziada: unafanya kazi gani?

Washonaji hakuwasahau. Wakati ule walikaa wamekunja miguu, wameinamia kitambaa tangu asubuhi. Aliandika kuhusu ganzi ya miguu, maumivu ya nyonga, na jinsi walivyoonekana kwenye maandamano ya sikukuu zao: migongo imepinda, wengine wakichechemea. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: anayefanya kazi ya kukaa apate siku za kuuzungusha mwili. Mpaka leo msuli mrefu wa paja unaosaidia kukunja mguu vile una jina la Kilatini linalotokana na neno "mshonaji".

Kwetu: mkeka, mbuzi na mwani

Bibi zetu nao walikaa chini. Walidarizi kofia za viua, wakasuka ukili, wakakuna nazi juu ya mbuzi. Tusiseme hawakuumwa, waliumwa na wakachuliwa mafuta. Ila kazi zao zilipishana: akitoka kwenye mbuzi anakwenda kisimani, akirudi anafagia uwanja, mwili ukabadili mkao.

Cherehani ilileta mambo mengine. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na cherehani za miguu zikaenea duniani. Fundi alipanda kitini, lakini shingo ikabaki imeinamia sindano. Na mwishoni mwa miaka ya 1980, kilimo cha mwani kiliposhamiri pwani ya mashariki ya Unguja, kina mama walipata fedha zao wenyewe, na pamoja nazo kazi ya kuinama majini saa nyingi.

Hata madaktari walibadili kauli

Kwa miaka mingi mwenye mgongo aliambiwa alale kitandani wiki nzima au zaidi. Mwaka 1986 utafiti uliofanyika Marekani ulilinganisha mapumziko ya siku 2 na ya siku 7. Wa siku 2 hawakuwa na hali mbaya zaidi, na walirudi kazini mapema. Tangu hapo ushauri umegeuka: kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, endelea kujongea kadiri unavyoweza.

Basi tufanye nini?

- Kila nusu saa simama, jinyooshe, tembea hatua chache. Hata kwenda kupiga pasi mshono ni mapumziko ya mgongo.
- Inua kazi ije kwako. Meza ya kukatia iwe usawa wa kiuno, na taa iwe karibu ili usiinamie sindano.
- Kiti kiwe na egemeo, na nyayo zikanyage chini.
- Ukibeba ndoo au robota la vitambaa, kunja magoti na ulikumbatie karibu na mwili. Mizigo miwili midogo ni bora kuliko mmoja mzito.
- Biharusi, viatu virefu vivae ukumbini tu. Kwenye kupambwa na kupakwa hina, omba mto wa kuegemea na usimame kila baada ya muda.
- Sala tunasali kwa ajili ya Allah, si mazoezi. Lakini tumefundishwa utulivu: mgongo ulingane katika rukuu, na tukiinuka kila pingili irudi mahali pake. Tusidonoe kama kuku.

Yapo maumivu yasiyongoja mchuaji. Ganzi sehemu za siri, mguu kuishiwa nguvu, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yenye homa, au yaliyoanza baada ya kuanguka, nayo yaone daktari mapema.

Nyumba mpya ina ndoo, ina jiko, na inshaallah itakuwa na mtoto wa kubeba. Mwambie mumeo mapema kwamba mizigo ni ya wawili, Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake. Subira ni kwa lile lisilo na dawa. Kiti kibovu dawa yake ni kukibadilisha.

Allah atupe afya na atuhifadhi. Amin.