Mbegu ya Msandarusi: Fundisho la Historia

Tunapofundisha historia ya unyonyaji, mara nyingi tunataja mkonge, pamba na kahawa. Msitu tunausahau. Hata hivyo, kada anayeishi Gongo la Mboto ana darasa lake karibu: vilima vya Pugu, penye mabaki ya msitu wa asili wa pwani.

Katika karne ya 19 wananchi wa Uzaramo walichimba sandarusi, yaani utomvu wa msandarusi uliogeuka mgumu baada ya kukaa ardhini miaka mingi sana. Kupitia Unguja ilifika Salem, Marekani, kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani uliwafungulia njia wafanyabiashara hao. Mchimbaji alibaki na jembe lake. Faida kubwa iliwaendea wenye maghala na wenye viwanda.

Ukoloni uliongeza dhuluma ya pili. Misitu ilitangazwa kuwa hifadhi za serikali, na mwananchi aliyeijua miti kwa majina yake akageuzwa mvamizi. Wakati huo huo Wajerumani walileta mtiki kutoka Asia. Hivyo mkoloni hakuchukua mti tu; alidharau pia elimu ya mwenyeji juu ya mbegu yake.

Je, baada ya Uhuru tuliisahihisha hali hiyo? Yatupasa kujikosoa. Kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980 iliwaamsha wananchi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini katika juhudi za upandaji za miaka ile tulitegemea mno miti ya kigeni, kama mikaratusi yenye asili ya Australia. Mkaratusi hukua haraka, hutoa kuni na nguzo, hatuukatai. Ila shamba la mikaratusi si msitu. Popo hula tunda la mvule na kuzitawanya mbegu zake. Mivule ikitoweka, popo hukosa chakula, na popo wakitoweka, msitu hupoteza mpanzi wake.

Jirani zetu wa Kenya wametupa mfano. Tangu mwaka 1977, katika harakati ya Ukanda wa Kijani iliyoasisiwa na Profesa Wangari Maathai, akina mama wa vijijini waliendesha vitalu vyao na kujifunza kuokota mbegu za miti ya maeneo yao. Hawakungoja mtaalamu awaletee kila kitu.

Kazi hii haidai mtaji mkubwa. Inadai maarifa na nidhamu. Mbegu ya mkongo, nyeusi yenye kikombe chekundu, ina ganda gumu: huondolewa kikombe, hukwanguliwa kidogo, hulowekwa, kisha hupandwa kwenye kiriba. Mbegu zichumwe kwenye miti mingi, si mmoja, ili miche isiwe ya ukoo mmoja dhaifu. Nyingine ziachiwe ndege na wanyama. Ndani ya hifadhi, kibali kitangulie.

Ndugu makada, kujitegemea huanzia kwenye mbegu. Taifa lisilojua kuotesha mti wake litabaki likinunua miche, huku likiuza magogo. Kila tawi na kila shule iliyo karibu na Pugu yafaa iwe na kitalu cha miti ya asili, na wazee wanaoijua miti hiyo wawe walimu wetu.