Mwezi wa Wavuvi na Mwezi wa Wanasayansi

Wachuuzi wa omena katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, hawahitaji kalenda: mwezi ukiwa mpevu, omena huadimika. Watu wa Nyanchwa huanza kulipa zaidi kwa gorogoro ileile. Wavuvi wa Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Victoria, huvua kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti sana, nao hubaki ufukweni wakitengeneza nyavu.

Omena hula zuplanktoni, wanyama wadogo mno wanaoelea majini. Hao ndio waliomfikisha Maciej Gliwicz, mtafiti wa Poland, kwenye mwezi uleule. Mwaka 1986 alichapisha matokeo kutoka bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, ambamo huishi dagaa wenye asili ya Ziwa Tanganyika. Siku za baada ya mwezi mpevu, usiku huanza na giza. Zuplanktoni hupanda juu kula mwani. Kisha mwezi huchomoza, samaki wakawaona, wakawafagia.

Mwezi huwatawala zuplanktoni hata kaskazini ya mbali. Kwenye pwani baridi za visiwa vya Svalbard, kiangazi jua halizami, na zuplanktoni hupoteza ile saa ya pamoja ya kupanda na kushuka. Majira ya giza la miezi, mwezi ndio hushika usukani: utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha makundi yao yakizama hadi karibu mita 50 mwezi unapokuwa mpevu.

Sikubaliani na wanaoyaita maarifa ya mvuvi mazoea tu. Hata hivyo, mvuvi na Gliwicz hawakuona kitu kimoja. Mvuvi anaueleza mwezi kama mshindani wa taa yake. Gliwicz anaueleza kama mtego wa viumbe ambao mvuvi hawaoni. Ajabu ni kwamba taa yenyewe ni mwezi ambao mvuvi huuchomoza kwa saa anayotaka yeye, na safari hii anayenaswa ni samaki. Kwa mikono yake ameutumia ule mtego, hatua moja juu zaidi, bila kuwahi kuusoma popote.

Lakini Cahora Bassa si Ziwa Victoria. Daftari za mialo zikiandika siku ya mwezi mwandamo kando ya kilo za omena zilizoshushwa, tutaanza kupata dalili za kama mtego huo upo Ghuba ya Winam pia, au kama pale ni mwanga wa taa tu unaozidiwa.