Kupanga au Kununua: Darasa la Huangpu



Kijana wetu mmoja anayesafirisha mizigo hapa Guangzhou kaniuliza juzi: "Mwalimu, nipange au ninunue nyumba kule Huangpu?" Mkewe ashachoka kuhamahama na watoto. Nikamjibu mimi si dalali, ila historia ya mahali pale ina la kusema.

Huangpu ndiyo ile Whampoa ya vitabu vya mabaharia. Tangu 1757 hadi 1842 biashara ya Wazungu wa Magharibi ilifungiwa Guangzhou peke yake, na merikebu zao kubwa ziliishia Huangpu, zikatia nanga. Mabaharia walikodi vipande vya ardhi ufukoni, wakajenga mabanda ya mianzi na mikeka kuwekea matanga na mapipa. Msimu ukiisha, banda huvunjwa. Matajiri wao walipanda mtoni mpaka mjini, wakapanga majumba ya wafanyabiashara wa Kichina, kina Houqua. Wake zao hawakuruhusiwa kufika, na biashara ikiisha wenyewe walitakiwa kuondoka. Wengi walikwenda Macau, na huko nako wakapanga! Sisi watu wa kusi na kaskazi tunaijua hadithi hii.

Vikaja Vita vya Afyuni, na mlango ukafunguliwa kwa mizinga. Tarehe 24 Oktoba 1844 Wafaransa walitia saini Mkataba wa Huangpu ndani ya meli yao Archimède. Walipewa haki ya kupanga nyumba na maghala, au kukodi ardhi wakajenga wenyewe. Liangalieni vizuri neno hilo, kukodi. Hata baada ya mizinga, ardhi haikuuzwa.

Waliopata makazi ya kudumu ni wale waliozikwa kisiwani Changzhou: Waparsi, Wazungu, hata balozi wa Marekani Alexander Everett, aliyefariki 1847.

Na leo je? Katiba ya China ya 1982 inasema ardhi ya mjini ni ya dola. Marekebisho ya 1988 yaliruhusu haki ya kuitumia ihamishwe, na kwa nyumba za kuishi muda wake ni miaka 70. Msishangae. Mombasa tuna "nyumba bila ardhi": kuta zako, kiwanja cha mwingine, nawe unalipa kodi ya ardhi. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, na hati haizidi miaka 99. Kwa hiyo "kununua" mara nyingi ni kupanga kwa muda mrefu tu, kodi ukailipa mbele.

Lakini tusimdharau anayetaka kununua. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizopanga, wengine wakalala barabarani. Umoja wa Afrika ukamwita balozi wa China kulalamika. Hapo ndipo mpangaji alipoona uzito wa neno "mwenye nyumba".

Basi nilimwambia hivi: hati itakulinda na mwenye nyumba, haitakulinda na viza. Nyumba ina miaka 70, ruhusa yako ya kukaa huenda ni mwaka mmoja. Kama kazi yako na shule ya watoto zimeshika mizizi, nunua. Kama bado unahesabu misimu, panga, na mkataba uwe wa maandishi.

Halafu nikampeleka hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, hapo hapo Huangpu, lililojengwa 594. Wenyeji husimulia habari za Da Xi, mjumbe wa ng'ambo aliyeshuka kupanda mafenesi, merikebu ikamwacha. Aliikodolea macho bahari mpaka akafa, wakamchongea sanamu, mkono kipajini. Hakupanga wala hakununua, na mpaka leo yupo.

Kijana alimtazama muda mrefu, hakusema kitu. Wahenga walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ya kwetu ni ipi, jamani? Nyinyi mlioko Muscat, London na Toronto, mliamuaje?