Gurudumu na Mteremko: Historia ya Vifaa Saidizi kwa Watu Wenye Udhaifu wa Misuli katika Milima ya Upare

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha hupita mjini Same katika ardhi tambarare, sambamba na reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga hadi Moshi. Mashariki yake milima ya Upare huinuka ghafla, na katika safu ya kusini kilele cha Shengena hufikia mita 2,462. Kighare na vijiji vingine vya milimani hufikiwa kwa barabara zenye kona kali, na kutoka barabarani hadi mlangoni mwa nyumba njia aghalabu ni ya miguu, ikipita kati ya migomba na kingo za mashamba. Insha hii inadai kuwa historia ya vifaa saidizi katika eneo hili haiwezi kueleweka kwa kuhesabu vifaa vilivyogawiwa. Yapaswa kusomwa kwa kuuliza kila kifaa kilibuniwa kwa ajili ya mwili upi na ardhi ipi.

Kabla ya kifaa cha karakana kuwepo, mtu aliyepungukiwa nguvu za miguu alitegemea mkongojo, mgongo wa ndugu na machela. Mambo hayo hayakuacha maandishi mengi. Kitabu cha Isaria Kimambo cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, ambacho bado ni msingi kwa kila mtafiti wa eneo hili, kilishughulikia koo, tawala na biashara. Ndani yake Washana wa Ugweno wanaonekana kama wahunzi waliowahi kuwa watawala. Ni jambo la kutafakarisha kwamba milima iliyosifika kwa wafuaji chuma ndiyo leo inayosubiri bolti na beringi kutoka bondeni, ingawa fundi baiskeli wa kijijini, mrithi wa wahunzi hao kwa maana fulani, atatajwa tena hapa chini.

Katika karne ya 20 sababu ya udhaifu wa misuli iliyofahamika zaidi ilikuwa polio. Virusi vyake huharibu chembe za neva katika uti wa mgongo zinazoamrisha misuli. Misuli husinyaa, lakini hisia za ngozi hubaki. Kwa historia ya teknolojia, sifa moja ya ugonjwa huo ina uzito wa pekee: baada ya kipindi cha homa na kupona kwa sehemu, udhaifu hutulia. Mtoto aliyepooza mguu mmoja hubaki na mikono yenye nguvu, na fundi anaweza kumpima na kumtengenezea vyuma vya mguu vilivyounganishwa na kiatu, akijua kuwa kitakachobadilika ni urefu wa mfupa tu. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa Moshi mwaka 1971, na chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilipoanzishwa hapo hapo mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani, utaalamu huo ulisogezwa hadi takriban kilomita 100 kutoka Same. Chuo hicho kilipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa familia ya milimani, hata hivyo, kilomita 100 za lami hazikuwa kikwazo kikubwa kuliko zile chache za kwanza za kumteremsha mgonjwa, na safari hiyo ilipaswa kurudiwa kila mtoto alipokua na vyuma kumbana.

Vyuma vya mguu na magongo vilikuwa na faida ambayo waandishi wa ripoti hawakuitaja mara nyingi: vilipanda mlima. Mtu aliyevizoea aliweza kupita kwenye kichochoro cha shamba na kuvuka ngazi ya mawe. Baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono haikuweza. Kifaa hicho kilienea katika miji ya Tanzania na kuwapa wengi biashara na uhuru wa kutembea, na hapana sababu ya kukibeza. Same mjini, kuanzia stendi hadi sokoni, kinafanya kazi yake barabara. Ila kinadai masharti mawili kwa pamoja, yaani njia pana isiyo na mwinuko mkali na mabega yenye nguvu. Milimani sharti la kwanza halikutimia. Sharti la pili litarejelewa.

Kasoro hiyo haikuanzia Afrika Mashariki. Kiti cha chuma kinachokunjwa, kilichotengenezwa na Everest & Jennings nchini Marekani katika miaka ya 1930, kilikusudiwa kuingia ndani ya motokaa na kutembea juu ya sakafu. Kiti cha umeme kilichobuniwa na mhandisi George Klein wa Kanada kwa ajili ya askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili kilichukulia kuwa nyumba ina umeme wa kuchaji betri. Viti vilivyoletwa Afrika kama misaada vilibeba dhana hizo ndani ya umbo lake: magurudumu madogo ya mbele yanayozama kwenye mchanga na kukwama kwenye jiwe, na vipuri visivyopatikana dukani.

Sheria nayo ilifuata mkondo wake. Baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu wa 1981, Tanzania ilitunga mwaka 1982 sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Hiyo ya pili iliweka sehemu kubwa ya mzigo juu ya familia, jambo ambalo milimani lilikuwa hali halisi tangu zamani. Mwaka 2009 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ikabadili lugha kutoka hisani kwenda haki. Lakini mazoea ya kuhesabu hayakubadilika. Kifaa huonekana kwenye kumbukumbu siku ya kukabidhiwa, mbele ya viongozi na kamera, kisha hupotea. Mwanahistoria anayetegemea kumbukumbu hizo peke yake ataandika historia ya sherehe.

Wakati huohuo mwili wenyewe uliokusudiwa ulikuwa ukibadilika. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alibainika mwaka 1996, na mwaka 2015 Tanzania ilitambuliwa kuwa imeondokana na virusi hivyo. Yaliyobaki kuonekana wazi ni magonjwa ambayo polio iliyafunika, yakiwemo yale ya kurithi yanayodhoofisha misuli hatua kwa hatua. Lile linaloitwa kwa jina la daktari Mfaransa wa karne ya 19, Duchenne, hupata hasa wavulana. Bila tiba, mtoto kwa kawaida huacha kutembea anapofikia umri wa miaka 12 hivi, kisha udhaifu hupanda hadi mabegani, na baadaye kifuani na moyoni. Hapa ndipo sharti la pili la baiskeli ya mikono linapoanguka. Kifaa kilichojengwa juu ya mabega ya manusura wa polio hakimfai mtoto ambaye mabega ndiyo yanayofuata kudhoofika. Huyo anahitaji kiti kinachoshikilia mgongo usipinde, kinachorekebishwa mara kwa mara, na mtu wa kukisukuma.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu katika mazingira yenye rasilimali chache ulisisitiza kupima, kurekebisha na kufuatilia badala ya kugawa tu. Mafunzo ya mafundi wa viti yalikuwa yameanza TATCOT kabla ya hapo. Kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali, kilichoendelezwa na shirika la Motivation la Uingereza, hakipinduki kirahisi kwenye njia mbovu, na matairi ya aina ya baiskeli huzibwa na fundi yeyote wa kijijini. Hata hivyo, urefu huohuo unaokituliza hukifanya kigumu kugeuzwa kwenye kona nyembamba ya shamba. Ubunifu uliotatua tatizo la nyanda ukazua lingine mlimani.

Barabara nyingi za vijiji vya Upare zilichongwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo Wapare waliitumia pia katika kuchimba mifereji ya umwagiliaji na mabwawa yaitwayo ndiva. Mitaro na barabara hizo zinatajwa katika maandiko mengi ya maendeleo ya eneo hili, nazo hutunzwa kila mwaka baada ya mvua. Kipande cha njia kati ya barabara na mlango wa mtoto asiyeweza kutembea hakimo katika orodha yoyote ya vifaa saidizi, wala wizara haikigharamii. Huko Kighare, kama katika miinuko mingine, watu wachache wenye majembe wanaweza kukisawazisha kwa siku moja.