Umbo la Ubeti: Mpangilio wa Maandishi ya Ushairi wa Kiswahili kutoka Mswada hadi Kitabu Pepe

Utangulizi

Ushairi wa Kiswahili ulitungwa kwanza ili ughanwe na kusikika. Hata hivyo, tangu ulipoanza kuandikwa, kila aliyeuhifadhi alilazimika kuamua jambo ambalo sikio halikuhitaji kuliamua: kipande kiishie wapi, mshororo uanzie wapi, na nafasi kiasi gani iachwe kati ya ubeti na ubeti. Insha hii inafuatilia historia ya uamuzi huo katika hatua tatu, yaani mswada wa khati ya Kiarabu, kitabu kilichochapwa kwa herufi za Kirumi, na kitabu pepe. Inatetea hoja kwamba mpangilio wa maandishi ni sehemu ya matini ya ushairi wenyewe, na kwamba kitabu pepe ni chombo cha kwanza ambamo umbo la ubeti linaweza kubadilika mbele ya msomaji pasipo mtu yeyote kuamua libadilike. Jambo hili linamhusu mtafiti moja kwa moja, kwa kuwa vina, mizani na migawanyo ya mishororo ni data anayoitegemea katika uchambuzi wake.

Mpangilio katika miswada

Miongoni mwa tenzi kongwe zenye tarehe ni Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728. Ubeti wa utenzi wa namna hii una vipande vinne vya mizani 8 kila kimoja. Vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina kimoja, na kipande cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho wa utungo.

Katika miswada mingi, ubeti uliandikwa kwa mstari mmoja au miwili, vipande vikitenganishwa kwa nafasi au kwa alama. Kwa kuwa khati ya Kiarabu huenda kutoka kulia kwenda kushoto, kipande cha nne kiliangukia ukingo wa kushoto wa ukurasa. Hivyo kina kinachorudi kilijipanga kimoja chini ya kingine, ubeti baada ya ubeti, kama nguzo iliyosimamisha utungo mzima. Msomaji aliweza kukitambua kwa macho kabla hajakighani, na mnakili aliyeruka kipande aliweza kuona kwamba safu yake imevurugika.

Mpangilio huo ulikuwa na kazi nyingine. Khati ya Kiarabu kama ilivyotumiwa na waandishi wengi wa mwambao haikutofautisha kila mara b na p, wala f na v. Alama moja ya irabu iliwakilisha i na e, na nyingine u na o. Msomaji alilifikia neno sahihi kwa kuijua lugha, kwa kufuata maana, na kwa kutazama kina. Kina kilichokaa mahali pake kilikuwa msaada wa kusoma. Ndiyo maana kazi ya mnakili haikuwa ya mkono peke yake. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na bingwa wa khati, na miswada aliyoinakili kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya imekuwa msingi wa matoleo na tafiti nyingi. Huko Mombasa, Mwalimu Sikujua alimsaidia William Taylor kuzikusanya na kuziandika tungo za Muyaka bin Haji, ambazo zilikuwa zimehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika kumbukumbu za watu. Wote wawili waliielewa bahari ya utungo kabla ya kuuweka kwenye karatasi.

Mpangilio katika vitabu vilivyochapwa

Kitabu cha Edward Steere, Swahili Tales, kilichotoka London mwaka 1870, kiliingiza pamoja na hadithi shairi linalonasibishwa na Liongo. Mwaka 1915 maandishi ya Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yalichapwa katika kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili, kwa matayarisho ya Taylor. William Hichens akatoa toleo lake la utungo huo mwaka 1939, na Diwani ya Muyaka mwaka 1940.

Mabadiliko haya yalikuwa makubwa kuliko kubadilisha herufi. Mwelekeo wa kusoma uligeuka, na nguzo ya vina iliyosimama kushoto ikahamia upande wa kulia au ikatoweka. Ubeti wa utenzi, uliokuwa ukikaa katika mstari mmoja au miwili, ukazoeleka kuchapwa kama mistari minne mifupi iliyopangwa wima. Mpangilio huo uliwafaa wanafunzi, kwani kila kipande kilionekana peke yake na beti ziliweza kupewa namba. Lakini ulizua pia swali ambalo wahakiki wameendelea kulijadili: je, ubeti wa utenzi una mishororo miwili ya mizani 16 au minne ya mizani 8? Sehemu ya mjadala huo imetokana na ukurasa wenyewe, kwa kuwa aliyejifunza utenzi kutokana na kitabu kilichochapwa huhesabu kile ambacho mchapaji alikitenganisha.

Shairi la tarbia lilipata mpangilio wake pia. Kila mshororo wa mizani 16 ulichapwa katika mstari wake, ukwapi ukitengwa na utao kwa mkato au kwa nafasi pana. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, kanuni za vina na mizani zilikwishapata sura inayoonekana kwa jicho. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyochochea mgogoro mkali kuhusu mashairi yasiyofuata vina na mizani. Kwa mada ya insha hii, mgogoro huo una maana ya pekee: katika shairi huru, mahali mshororo unapokatika huamuliwa na mshairi peke yake, na ukurasa ndio shahidi pekee wa uamuzi huo.

Kuja kwa kitabu pepe

Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Michael Hart aliingiza Azimio la Uhuru wa Marekani katika kompyuta na kuanzisha kazi iliyokuja kuitwa Project Gutenberg. Maandishi ya awali ya mradi huo yalikuwa matupu, bila fonti wala mapambo, lakini kila mstari uliishia pale mwandikaji alipoukatia. Kwa ushairi, umaskini huo ulikuwa na heri yake, kwa sababu mshororo ulibaki mshororo. Mfumo wa PDF, uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, uliuhifadhi ukurasa mzima kama ulivyo. Lakini ukurasa uliopimwa kwa karatasi humlazimu msomaji wa simu kuukuza na kuusogeza huku na huko.

Mwaka 2007 ulileta njia nyingine. Mfumo wa EPUB ulipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, na Amazon ikaanza kuuza kifaa cha Kindle. Katika vitabu pepe vya aina hii maandishi hujipanga upya kulingana na upana wa kioo na ukubwa wa herufi anaoutaka msomaji. Kwa nathari, hii ni neema, hasa kwa wenye uoni hafifu. Kwa ushairi, ndipo tatizo linapoanzia.

Mfano mmoja, uliotungwa kwa ajili ya insha hii, unatosha kuonyesha kinachotokea. Mshororo "Chombo kimetia nanga, kimefika bandarini" una mizani 16. Kina cha kati ni nga na cha mwisho ni ni. Ukihesabu herufi, nafasi na mkato, una alama 40. Katika kioo chenye upana wa alama 32, mstari wa kwanza utaishia kwenye "kimefika", na neno "bandarini" litaanguka peke yake katika mstari wa pili. Kwa jicho, mshororo mmoja umekuwa miwili isiyolingana. Kina cha kati kimezama katikati ya mstari, na silabi ka, ambayo si kina, imekaa mahali pa kina. Msomaji akiongeza ukubwa wa herufi, mkatiko huhamia kwingine. Wanafunzi wawili wanaosoma shairi moja katika simu mbili wanaweza kuwa na maumbo mawili tofauti ya ubeti mmoja.

Sababu nyingine ni ya kiufundi. EPUB imejengwa juu ya lugha ileile ya kurasa za intaneti, ambayo kwa kawaida huzigeuza nafasi nyingi zinazofuatana kuwa nafasi moja. Nafasi pana ambayo mchapaji aliitumia kutenga ukwapi na utao hutoweka bila ishara yoyote. Aidha, kitabu kinapoandaliwa kwa kupiga picha kurasa za zamani na kuzisomesha kompyuta, nafasi hiyo pana huweza kuchukuliwa kuwa mpaka wa safu mbili. Hapo kompyuta husoma kapi zote za ubeti kwanza, kisha tao zote.

Athari kwa utafiti

Athari ya kwanza ni upotevu wa ushahidi, na uzito wake haulingani katika tungo zote. Shairi la kimapokeo lililovurugwa linaweza kurejeshwa: mtafiti atahesabu mizani, atafuata vina, na mishororo itajitokeza tena. Shairi huru halina kinga hiyo. Mshororo wake ukikatwa na kioo, na faili isiwe na alama inayotofautisha mkatiko wa mshairi na mkatiko wa kifaa, hakuna hesabu itakayoujenga upya. Tungo zilizodaiwa kutohitaji kanuni ndizo zinazouhitaji zaidi uangalifu wa mpangaji.

Athari ya pili ni marejeo. Ukurasa wa 47 hauna maana katika kitabu ambacho idadi ya kurasa hubadilika kila msomaji anapobadilisha ukubwa wa herufi.

Athari ya tatu inahusu lugha yenyewe. Kila kitabu pepe hubeba tamko la lugha yake. Kitabu cha Kiswahili kilichotangazwa kuwa cha Kiingereza huweza kukatwa maneno yake kwa kanuni za Kiingereza, ambazo haziheshimu silabi ya Kiswahili inayoishia na irabu, na programu ya kusoma kwa sauti huweza kukitamka kwa matamshi ya kigeni. Neno "ng'ombe" nalo hutegemea ritifaa, na ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni alama mbili tofauti katika kompyuta. Mtafiti anayetafuta neno hilo kwa alama moja anaweza kuyakosa matokeo yote yaliyoandikwa kwa nyingine, na hesabu yake ya msamiati ikapotoka bila yeye kujua.

Njia ya kuhifadhi umbo

Baadhi ya waandaaji hukwepa matatizo haya kwa kuugeuza ubeti kuwa picha. Umbo husalimika, lakini maneno hayatafutiki, na msomaji kipofu hapati kitu. Njia hiyo inakwenda kinyume na dhamira ya Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2017, unaolenga kuwafikishia vitabu wasioona.

Njia bora ni kuufanya muundo wa utungo uwe sehemu ya faili: ubeti, mshororo na kipande kila kimoja kipewe alama yake, na sehemu ya mshororo isiyoenea katika kioo isogezwe ndani kidogo ili ijulikane kuwa ni mwendelezo. Desturi hii ya kusogeza mwendelezo ilikuwapo kwa wachapaji tangu zamani, na EPUB inaiwezesha. Ukataji wa maneno uzuiwe ndani ya ushairi, lugha itangazwe kwa usahihi, na beti zipewe namba ili zinukuliwe kwa namba hizo popote zinaposomwa. Katika jambo hili la mwisho, watunzi wenyewe walitangulia. Wengi wao walitaja idadi ya beti mwishoni mwa tenzi zao, na kwa hesabu hiyo msomaji aliweza kujua kama nakala aliyonayo imepungua.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba umbo la ubeti limebadilika kila chombo kilipobadilika, na kwamba kubadilika kwenyewe si hasara. Mnakili wa Lamu na mchapaji wa London walitofautiana katika mpangilio, lakini kila mmoja alifanya uamuzi unaoweza kusomwa, kujadiliwa na hata kupingwa. Kitabu pepe kisichoandaliwa kwa uangalifu hakimwachii mhakiki uamuzi wowote wa kuujadili. Kwa sababu hiyo, tasnifu inayochambua ushairi kutokana na kitabu pepe inapaswa kueleza toleo lililotumika na kulilinganisha na chapa au mswada uliotangulia, kama inavyofanyika kwa nakala nyingine yoyote. Kwa waandaaji wa vitabu hivyo, wajibu ni ule uliokuwa wa mnakili: kuijua bahari ya utungo kabla ya kuupanga.