Magari Madogo ya Plastiki na ya Waya

Historia haikai katika makasri na mabaraza peke yake. Hukaa pia katika vitu vya kuchezea, na mwenye kutaka kujua watu wa zama fulani walitamani nini, na atazame walichowatengenezea watoto wao, au walichojitengenezea watoto wenyewe. Katika insha hii nitaeleza habari za magari madogo ya namna mbili: yale ya plastiki yauzwayo vipande vipande ndani ya sanduku, na yale ya waya ambayo watoto wa Kutus na wa miji mingine iuzungukayo Mlima Kenya wamekuwa wakiyaunda kwa mikono yao, kizazi baada ya kizazi.

Tuanze na yale ya sandukuni. Mwaka 1949 kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyokuwa imeanzishwa na Nicholas Kove miaka 10 kabla ya hapo, ilitengeneza trekta dogo la Ferguson ili wauzaji wa matrekta wapate kitu cha kuwaonyesha wateja wao. Kuliunga kila trekta kiwandani kulikula muda na fedha. Kwa hiyo baadaye likauzwa likiwa vipande, na mnunuzi akajiungia mwenyewe nyumbani. Jambo hili lina mzaha wake, kwani mchezo uliokuja kupendwa duniani kote ulisaidiwa kuzaliwa na watu waliotaka kujipunguzia kazi. Huko Marekani, kampuni ya AMT ya jimbo la Michigan ilianza mwaka 1958 kuuza magari mapya ya kila mwaka kwa namna hiyo. Na huko Japani, katika mji wa Shizuoka, kampuni ya Tamiya iliyoanza kwa kupasua mbao ikaingia katika plastiki mnamo mwaka 1960.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Plastiki huyeyushwa kwa moto, kisha husukumwa kwa nguvu nyingi ndani ya kalibu ya chuma. Ikipoa hutolewa ikiwa kama tawi la mti lenye matunda: huku mlango, huku usukani, huku gurudumu. Kipimo kitumiwacho sana kwa magari ni 1 kwa 24, yaani gari la mita 4 na kitu kidogo huwa la sentimita 17 hivi. Gundi yake si kama gundi ya karatasi. Huyeyusha kingo mbili za plastiki hata zikawa kitu kimoja. Ndiyo sababu mtu akikosea kuunga, kukosea kwake hudumu.

Sasa, mwanafunzi wa Kutus ataniuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ya barabara za nchi yake. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mashindano hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally, na sifa yake ilitokana na matope, vumbi na mawe ya barabara za kwetu. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi 7 tu. Mwaka 1965 ndugu wawili, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya nyuma, wakaitengeneza upya. Na Joginder alikuwa mzaliwa wa Kericho. Mwaka 1971 ushindi ulikwenda kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, waliokuwa katika Datsun 240Z.

Gari hilo la 1971 halikusahauliwa. Kampuni ya Nissan ililifufua mwaka 2013 na kulihifadhi pamoja na magari yake ya kale huko Zama, Japani. Tena kampuni ya Hasegawa, nayo ya Japani, imelitengenezea gari dogo la plastiki, na ndani ya sanduku mna namba na nembo zake za kubandika. Hivyo mtoto wa Osaka aweza kuketi mezani kwake akaunga kipande cha historia ya Kenya, ilhali wengi wa wale ambao baba zao walisimama kando ya njia kuyatazama magari hayo hawajapata kuliona sanduku lile.

Kuna watu ambao furaha yao ni kutafuta magari madogo ya zamani, yaliyoungwa na mtoto fulani miaka 40 au 50 iliyopita, na kuyatengeneza upya. Ni kazi ya saburi. Gari huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Kisha huwekwa ndani ya friji ya kugandisha, maana gundi ya kale ikipata baridi kali huwa kavu na dhaifu, na vipande huachana kwa kubonyezwa taratibu. Nembo zilizogeuka manjano hubandikwa kwenye kioo cha dirisha, jua likazirudishia weupe wake. Kipande kilichopotea huchongwa kipya, au hutolewa katika gari jingine bovu.

Lakini hapa pana swali ambalo kila mwanahistoria hukutana nalo. Je, alama ya kidole cha yule mtoto wa kwanza, iliyobaki katika gundi juu ya kioo, ifutwe? Wako wasemao kwamba gari lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani. Mimi nasema kiwanda kilitengeneza magari maelfu yaliyofanana, bali alama ile ni moja tu duniani. Akiifuta, mtengenezaji atapata gari zuri zaidi na historia pungufu.

Gari la waya halina sanduku wala kielelezo. Mtoto husimama kando ya barabara ya Kutus, pale njia za Kerugoya na Embu zinapokutana, akatazama kwa makini jinsi kichwa cha lori kilivyoinama na jinsi taa zilivyokaa, halafu huenda nyumbani akaupinda waya kwa kumbukumbu. Magurudumu hukatwa katika ndara zilizochakaa au huwa vizibo vya soda. Bodi yaweza kuwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Na usukani huwekwa juu ya waya mrefu ufikao kiunoni, ili dereva akimbie wima. Aungaye la plastiki hutii karatasi ya maelezo. Aundaye la waya lazima awe amelitazama gari lenyewe.

Shida ni kwamba likivunjika hakuna alitengenezaye kama lilivyokuwa. Waya hunyoshwa, ukaingia katika gari jingine. Peugeot 404 iliyoshinda Safari mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968, ambayo watu wa milimani walisafiri ndani yake wakiwa wamebanana kama punje za mahindi gunzini, imehifadhiwa kwa chuma na kwa plastiki. Ya waya ni nadra mtu kuiona.

Kwa hiyo katika chuo cha ualimu nifundishapo niliwaomba wanachuo walete magari ya waya ya nyumbani kwao. Yaliletwa 4. Moja, lililotoka karibu na Kutus, ni trekta la mashamba ya mpunga ya Mwea, gurudumu lake moja la nyuma kubwa kuliko jingine. Mwenzangu mmoja alitaka kulilinganisha kwa kisu. Nilimzuia, nikafunga kijikaratasi kwenye usukani, nikaandika jina la kijiji, mwaka, na maneno haya: waya wa ua, ndara ya mama, lilitengenezwa siku mbili.