Kujaribu, Kuhakiki, Kuthibitisha: Somo Kutoka kwenye Reli

Mji wetu wa Gisenyi haujawahi kusikia honi ya treni. Mwaka 1914 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tabora kuelekea Mto Kagera ili waifikie Rwanda, lakini vita vikaikatiza kazi hiyo. Kwa nini basi walimu wa Kiswahili tuzungumzie reli? Kwa sababu historia ya usalama wake inatufafanulia vitenzi vitatu ambavyo wanafunzi wetu huvichanganya: kujaribu, kuhakiki na kuthibitisha.

Tuanze na reli yenye njia moja. Katika karne ya 19 Waingereza walitumia utaratibu sahili: kila kipande cha njia kina fimbo moja tu, na dereva haingii bila kuwa nayo. Fimbo ni moja, haiwezi kuwa kwa madereva wawili. Kwa hiyo treni mbili haziwezi kukutana humo, maadamu sharti linafuatwa. Hatuhitaji kupitisha treni elfu moja ili tuamini. Hapo hatujajaribu, bali tumethibitisha kwa hoja.

Kompyuta ziliposhika kazi ya fimbo, mambo yakawa magumu. Programu ina hali nyingi mno, na majaribio hayawezi kuzimaliza zote. Ndipo wataalamu wakarudi kwenye hoja, safari hii kwa alama za hisabati. Mjini Paris, mfumo wa SACEM ulianza kazi kwenye reli ya RER A mwaka 1989, ukapunguza nafasi kati ya treni na treni kutoka dakika mbili na nusu hadi mbili. Mwaka 1998 ikafunguliwa njia ya 14 ya metro, isiyo na dereva. Programu zake za usalama ziliandikwa kwa mbinu iitwayo B, ya Jean-Raymond Abrial, na hoja zaidi ya 27,000 zikathibitishwa. Mwaka 2001 kanuni ya Ulaya, EN 50128, ikazipendekeza mbinu za aina hii kwa programu zinazobeba uhai wa watu.

Wengine huziita "mbinu rasmi". Jina hili lina kasoro, kwani kwetu rasmi ni jambo lenye idhini ya wakuu. Hapa maana ni hoja inayosimama kwa umbo lake, hata asiyemjua mwandishi aweze kuikagua. Napendekeza "mbinu za uthibitisho wa kihisabati".

Hata hivyo, tusitie chumvi. Uthibitisho huonyesha kwamba programu inalingana na maelezo yaliyoandikwa. Maelezo yakikosea, hoja haiokoi mtu. Wala haushiki breki. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Msagali mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikaigonga treni ya mizigo, wakafa watu wapatao 280. Chuma, matengenezo na watu vina sehemu yao.

Leo treni za umeme zinakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, na mpango wa Isaka–Kigali umezungumzwa kwa miaka mingi. Siku reli itakapotufikia, maelezo ya usalama yatahitaji kueleweka kwa Kiswahili pia. Mwanafunzi atakayeandika "imethibitishwa" pale palipostahili "imejaribiwa" atakuwa amekosea zaidi ya sarufi. Tuwafundishe tofauti hiyo mapema.